Mmea Wako Hautoi Ua? Uulize Kwanza Kwao Ni Wapi

 Wadogo zangu, leo nina neno na nyinyi mnaotunza mimea inayokula wadudu. Najua mko wengi kuliko watu wanavyodhani: mko kwenye vibaraza vya ghorofa za Nairobi, kwenye madirisha ya Arusha na Mbeya, nyuma ya nyumba Dar na Mombasa, kila mmoja na makopo yake yaliyokaa kwenye sahani ya maji. Na swali lenu ni lile lile. Dada, mmea unakula, majani yanapendeza, jirani akija anashangaa, lakini ua hata la dawa sijaliona. Halafu linafuata swali la pili, kwa sauti ya chini: niuwekee mbolea kidogo?

Usiweke. Tuanzie hapo, kwa sababu mbolea imeua mimea mingi ya aina hii. Mimea hii huota mahali ambapo maji yameuosha udongo mpaka ukabaki hauna kitu: vinamasi, miamba inayochuruzika maji, mchanga mweupe wa kwarzi. Nitrojeni na fosforasi inazipata kwa wadudu inaowanasa kwa majani. Mizizi yake haijazoea chumvi, ikikutana na mbolea ya waridi inaungua. Na hata kama isingeungua, shibe haiwi ua. Ukiushibisha, utakupa majani zaidi. Kinacholileta ua ni mambo matatu, nami nitayarudia mpaka mchoke: umri wa mmea, mwanga wa kutosha, na majira ya mwaka kama yalivyo huko kwao. Hilo la tatu ndilo wengi wetu tunalisahau.

Ya maji na udongo nitayapitia haraka maana mengi mnayajua. Maji ya bomba na ya kisima yaacheni, kingeni ya mvua. Mvua ikikata, nunueni maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, yale yaliyokenekwa, ila msome kibandiko kwa makini kabla ya kulipa, kwa sababu asidi ya betri huuzwa pale pale. Maji ya kunywa ya chupa yana madini, hayafai. Kopo liwe la plastiki, chungu cha udongo hutoa chumvi polepole. Ndani weka mboji ya piti isiyotiwa mbolea, changanya na perlaiti au mchanga wa kwarzi uliooshwa. Nyinyi wa pwani, mchanga wa ufukweni msiuguse: una chumvi, na una chokaa ya matumbawe ambayo huwezi kuiosha ikaisha.

Haya, tuje kwenye maua.

Mmea unaoniletea maswali mengi ni Dionaea, huu ambao majani yake hufumba nzi akigusa vinyweleo vya ndani mara mbili kwa kufuatana. Kwao ni kipande kidogo cha nyanda za pwani za North Carolina na South Carolina, Marekani, kuzunguka mji wa Wilmington. Duniani kote hauoti wenyewe mahali pengine, isipokuwa palipopandwa na watu. Mwezi Juni kule mchana unazidi saa 14, joto ni kali na mvua inanyesha. Desemba mchana unashuka chini ya saa 10, na usiku baridi inaweza kufika ya kugandisha maji. Mmea unajisinyaza, majani ya zamani yanakuwa meusi, unabaki na vijani vifupi vilivyolala udongoni, unapumzika miezi mitatu au minne. Siku zikianza kurefuka na joto kurudi, kikonyo cha ua ndiyo miongoni mwa vitu vya kwanza kuchomoza.

Sasa uulete Nairobi, ambako mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka vinapishana dakika chache tu. Au Dar es Salaam, ambako tofauti haifiki saa moja na usiku wa baridi wa kweli haupo. Mmea unasubiri ishara ambayo haiji. Unaendelea kuota mwaka mzima bila kulala, mitego inazidi kuwa midogo, na baada ya miaka michache unakufa huku mwenyewe ukijilaumu kwamba hukuupa nzi wa kutosha. Ni sawa na kumnyima mtu usingizi usiku baada ya usiku, kisha ukamuuliza kwa nini hana raha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mpe baridi yake. Walio Njombe na Makete mna bahati ambayo hamjaijua: asubuhi za Juni na Julai kwenu huweza kukutwa sakitu majanini. Uacheni mmea nje mahali penye mwanga, punguzeni maji kwenye sahani mpaka udongo uwe na unyevu tu, msiulishe. Wa Limuru na Nairobi mnaweza kuitumia Julai vile vile, ingawa baridi yenu ni fupi, na mmea utapumzika nusu nusu.

Wa Dar, Mombasa, Zanzibar na mahali pengine pa joto, kuna njia ya friji, na inafanya kazi. Ng'oa mmea taratibu, osha mizizi kwa maji ya mvua, kata majani yote meusi, maana hayo ndiyo huleta ukungu. Funga mizizi na kile kitumba cheupe cha chini kwa kuvumwani la sfagnamu lililoloweshwa kisha likakamuliwa mpaka lisitone. Tia kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye friji, si friza, nyuzi 2 mpaka 5 za Selsiasi, kwa miezi mitatu. Fungua kila baada ya wiki mbili uangalie. Ukiona unyoya wa ukungu, futa, osha, badilisha kuvumwani. Andika juu ya mfuko kwa kalamu ya wino mzito, na uwaambie wa nyumbani, maana mfuko wa namna hiyo karibu na mchicha hautadumu. Ukiutoa, uupande upya kivulini siku chache, kisha uupeleke juani kidogo kidogo. Mwenye taa ya kukuzia mimea aiwekee saa ya kujizima, saa 14 mpaka 16 kwa siku. Hapo umeuambia mmea kwamba masika ya kwao yamefika.

Jifunze kukitambua kikonyo. Chipukizi la jani likitokea katikati, ukilitazama kwa karibu utaona mtego mdogo umejikunja nchani, na vijino vyake vimefungamana. Kikonyo cha ua ni cha mviringo, kinene, ncha yake ni butu na imevimba, na baada ya siku chache utaona kile kivimbe kimegawanyika kuwa matumba madogo ya kijani. Kinapanda juu haraka.

Na hapa nina jambo ambalo wengi hamtalipenda. Si kila kikonyo uache kichanue. Mmea uliotoka safari, uliobadilishiwa kopo mwezi uliopita, wenye mitego midogo na iliyopauka, ukate kikonyo chake kikifika urefu wa kidole. Ua linakula nguvu, na mmea dhaifu unaweza kujimaliza kwalo. Kile kikonyo usikitupe: kichomeke kwenye kuvumwani lenye maji, mara nyingine huchipua vimea vidogo pembeni. Mmea wenye afya, uliokaa kwako zaidi ya mwaka na mitego yake ni mipana, huo mwache uchanue, umestahili.

Utakachokiona ni maua meupe ya petali tano, yenye mishipa myembamba ya kijani, yameinuliwa juu mbali na mitego. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walichapisha mwaka 2018 uchunguzi walioufanya kwenye makazi ya mmea huu, wakalinganisha wadudu wanaotembelea maua na wadudu wanaonaswa mitegoni. Nyuki wadogo na mbawakawa wanaobeba chavua karibu hawakuonekana mitegoni kabisa. Mmea haumli anayeuletea uzao. Nyumbani kwako hao nyuki hawapo, kazi ni yako. Ua likifunguka, stameni hutoa chavua kwanza. Baadaye ncha ya stigma hutawanyika na kuwa na vinyuzi vingi vifupi. Hapo ndipo iko tayari. Kwa brashi ndogo laini, chukua chavua ya ua lililofunguka leo, upake kwenye stigma ya ua la siku iliyotangulia. Baada ya mwezi mmoja au mmoja na nusu kikasha cha mbegu kinakauka na ndani yake utakuta mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa. Zipande juu ya udongo, usizifukie.

Sarracenia, wenzake wa Amerika Kaskazini wenye majani marefu yaliyosimama na kushika maji ndani, wana kanuni hiyo hiyo ya kulala. Hao hutanguliza ua kabla majani mapya ya kunasia hayajakomaa. Mbegu zao nazo zinataka wiki kadhaa za ubaridi na unyevu kabla hazijaota, kwa hiyo friji inakuhusu tena.

Mimi ningemshauri mtu wa Dar aliye mgeni wa mambo haya asianzie na hiyo. Ningemwambia aanzie na mimea ambayo hali yetu tayari inafanana na ya kwao. Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye raha na penye kazi yenyewe.

Nepenthes, wenye mitungi inayoning'inia kwenye ncha za majani, ni mimea ya bahari yetu hii ya Hindi na visiwa vya mbele yake. Mzungu wa kwanza kuuandika alikuwa Étienne de Flacourt, mwaka 1658, na aliuandika kutoka Madagaska. Shelisheli wana wa kwao, Nepenthes pervillei, unaotambaa juu ya mawe ya matale ya Mahé na Silhouette. Mchoraji Marianne North alipofika huko mwaka 1883 aliuchora ukiwa umechanua, na picha hiyo imo kwenye jumba lake lililoko bustani ya Kew, London. Spishi nyingi, hata hivyo, ziko Borneo, Sumatra na Ufilipino.

Kabla hujanunua, uliza swali moja: ni wa bondeni au wa mlimani? Wa bondeni anataka usiku wenye joto na hewa yenye unyevu, huyo ni wa Tanga, Dar, Zanzibar, Mombasa. Wa mlimani anataka mchana wa wastani na usiku unaoshuka nyuzi 15 au chini ya hapo. Nepenthes rajah, mfalme wao, anaishi kwenye mlima Kinabalu, Borneo, kati ya mita 1,500 na 2,650 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,800. Mnaoishi huko mnayo hali ya hewa ambayo wenzenu wa Ulaya wanailipia umeme wa kupoza usiku kucha. Kinachowasumbua ni ukavu wa Januari na Februari, na huo unatibika kwa kuweka mimea pamoja, kulowesha sakafu na kuzuia upepo.

Kwa nini basi hauchanui? Sababu ya kwanza ni umri. Ukianzia mbegu, hesabu miaka, si miezi. Sababu ya pili ni mkasi wako. Nepenthes nyingi zikikomaa huacha kukaa kama kichaka cha chini, shina linaanza kurefuka na kupanda, mitungi ya juu inakuwa ya umbo jingine, na jani linajizungusha kwenye chochote lishike. Wengi mkiona hivyo mnasema mmea umeharibika, mnaukata urudi kuwa mfupi. Hapo ndipo mnapokata ua. Shina linalopanda ndilo huchanua. Mpe kijiti, mpe waya, mpe dirisha, mwache apande. Mpe na mwanga zaidi, karibu na ule ambao majani yanaanza kuwa na wekundu kidogo. Baada ya hapo mabadiliko ya majira, mvua ndefu kuanza, usiku kupoa, ndiyo mara nyingi huuchokoza.

Ua lenyewe si la kuwaonyesha wageni. Ni kikonyo kirefu kilichojaa vijiua vidogo vya rangi ya kijani inayogeuka kahawia au nyekundu, vinafunguka kutoka chini kwenda juu. Kila kimoja kina vipande vinne, na ukivitazama kwenye jua la asubuhi utaona juu yake asali inameta kwa matone madogo sana. Usiku baadhi hutoa harufu ya uvundo wa uyoga, na nzi wadogo na nondo wanakuja. Usishtuke, usikitupe nje.

Kwa Nepenthes, mmea mmoja ni dume au ni jike, si vyote viwili. Jinsia yake huwezi kuijua mpaka uchanue, na ndiyo maana ua la kwanza lina thamani kuliko mtungi mkubwa kuliko wote ulio nao. Tazama katikati ya kila kijiua. Dume ana kijiti chenye kichwa cha mviringo, kikipasuka kinakuwa cha njano kwa chavua na kidole kinachafuka ukigusa. Jike ana ovari nene ya kijani, na juu yake stigma inayong'aa kama imelowa. Ukilijua hilo, liandike kwenye kibandiko cha kopo siku hiyo hiyo: jina kamili, alikotoka, jinsia, tarehe.

Tatizo ni kwamba dume na jike mara chache huchanua mwezi mmoja, achilia mbali nyumba moja. Dawa yake ni friza. Asubuhi, chavua ikiwa imekauka, kung'uta vile vichwa vya njano juu ya karatasi ya foili, viache mahali pakavu siku moja, kunja foili, weka kwenye kichupa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kisha friza. Wakuzaji wametumia chavua iliyokaa miezi kadhaa namna hiyo na ikashika. Jike akichanua Mombasa, chavua ya dume wa Nairobi inasafiri kwa basi usiku mmoja. Paka kwa brashi siku mbili tatu mfululizo, kwa sababu vijiua havifunguki vyote pamoja. Ovari ikianza kuvimba, imeshika. Subiri miezi miwili, mitatu, hata zaidi. Kikasha kikiwa cha kahawia na kinaanza kupasuka, kifunge kwa kitambaa chepesi, kwa sababu mbegu ni nyembamba kama uzi, zina mkia pande zote mbili, na upepo wa feni unazimaliza. Zipande wiki hiyo hiyo juu ya kuvumwani lililokatwakatwa. Mbegu za Nepenthes hazikai, uhai wake unapungua haraka. Jike asiyepata chavua, mkate kikonyo baada ya maua kunyauka ili nguvu irudi kwenye mitungi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna mimea ambayo maisha yake sasa yanategemea kabisa watu wa makopo na vibandiko. Nepenthes clipeata huota kwenye mwamba mmoja tu duniani, Gunung Kelam, Kalimantan Magharibi, Borneo. Moto na watu waliong'oa mimea kuuza vimeufikisha ukingoni. Mimea michache iliyoko kwenye nyumba za kukuzia ikichanua, na dume akampata jike, hiyo ni mbegu ambayo haijatolewa mlimani. Mwenye dume wa spishi adimu akipaka chavua yake kwenye jike wa spishi nyingine ili apate machotara mazuri, simkatazi. Wafanyabiashara wa Veitch huko Uingereza walifanya hivyo tangu mwaka 1862 na watu wakafurahi. Lakini ningekuwa na chavua kidogo, ningemtafutia jike wa aina yake kwanza. Chotara anaweza kuzalishwa tena mwakani. Spishi ikipotea imepotea.

Kwa wale wenye majira ya kiangazi na masika, yaani karibu sisi sote, kuna Pinguicula wa Meksiko, majani laini yenye ute unaonasa visubi. Wanasayansi Humboldt na Bonpland waliokota Pinguicula moranensis huko mwaka 1803. Huyu anafuata mvua. Kiangazi anabadilisha majani kabisa, anakuwa kiua kidogo cha majani manene mafupi ambayo hayanasi mdudu, na anataka ukavu. Wengi mnaendelea kumloweka Julai yote, anaoza. Mpunguzie maji kabisa, mpe mwanga, na mvua za vuli zikirudi rudisha sahani. Maua yake ya zambarau au waridi mara nyingi huja wakati wa kubadilisha majani, na hakuna mmea rahisi kuliko huu kukufundisha maana ya majira. Pinguicula gypsicola, adimu wa miamba ya jasi ya San Luis Potosí, ana tabia hiyo hiyo, ila udongo wake utiwe jasi.

Heliamphora wa milima ya meza ya Venezuela nitamtaja kwa wale waliokwisha kubobea. Ua lake halina petali za kweli, lina vipande vyeupe au vya waridi vinavyoning'inia. Jike hutangulia: stigma hupokea chavua siku za kwanza, na stameni hukomaa baadaye. Na stameni zile hazifunguki kwa brashi, zina vitundu vidogo tu. Kwao kuna nyuki anayezishika na kutetemesha mbawa zake kwa mlio fulani, na chavua inamwagika. Wakuzaji hutumia uma wa kupangia sauti za muziki: unaugonga, unaugusisha kwenye stameni, na vumbi la njano linashuka kwenye karatasi. Hiyo chavua unaiweka kwa ua litakalofunguka kesho.

Afrika Magharibi kuna Triphyophyllum peltatum, mmea wa misitu ya Sierra Leone, Liberia na Côte d'Ivoire, unaokula wadudu kwa kipindi kimoja tu cha ujana wake, kisha unageuka kuwa mtambaazi mrefu wa msituni. Kwa miaka mingi wataalamu hawakuweza kuulazimisha utoe majani ya kunasia. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Hannover na Würzburg, Ujerumani, walionyesha kwamba ukosefu wa fosforasi ndio unaouamsha. Bustani zinazoutunza ni chache sana duniani. Ukiutaka utoe ua nyumbani kwako, mdogo wangu, hiyo ndoto iache kwanza.

Tulicho nacho sisi kinatosha kuanzia. Drosera madagascariensis huota kwenye vinamasi vya Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko Afrika. Ana shina linalonyooka kidogo kidogo, majani ya vinyweleo vyekundu, na kila kinyweleo kina tone la utomvu linalong'aa. Mpe jua la moja kwa moja nusu siku, mpe sahani ya maji ya mvua, na akikomaa atatoa kikonyo kirefu chembamba chenye maua ya waridi. Yanafunguka moja moja, kwenye jua, na alasiri yamefumba. Ukiwa kazini mpaka jioni huenda usilione kabisa, kwa hiyo usiniambie hachanui kabla hujamtazama siku ya mapumziko saa nne asubuhi. Utricularia livida naye ni wa kwetu, anatoa vijiua vidogo vya rangi ya urujuani kwa urahisi. Akikataa, acha maji ya kopo yapande mpaka juu kisha yashuke taratibu, mara nyingi huko kushuka kwa maji ndiko kunakomchanulisha.

Lakini msiende kuwang'oa kinamasini. Huko Madagaska Drosera huyu amevunwa kwa wingi porini kupelekwa Ulaya kutengenezewa dawa ya kikohozi. Hatuhitaji kuongeza. Nunueni kwa mkuzaji, au ombeni mbegu kwa mwenye mmea uliochanua. Na mnaoagiza nje, spishi zote za Nepenthes ziko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, na Nepenthes rajah na Nepenthes khasiana ziko kwenye orodha kali kabisa, Kiambatisho cha Kwanza. Dionaea na Sarracenia nazo zinalindwa na mkataba huo. Kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea mvipate kabla mzigo haujaondoka: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Muuzaji anayekwambia atakufichia kwenye sanduku la nguo, mkimbie, kwa sababu huyo huyo ndiye aliyemwondoa mmea mlimani.

Ombi langu kwenu wiki hii ni dogo. Mwenye Nepenthes iliyoanza kurefusha shina, funga mkasi wako. Mwenye kikonyo kilichokwisha kufunguka, toka nje kesho asubuhi ukitazame kama ni dume au jike, uandike jina na tarehe. Akiwa dume, chavua iingie friza kabla hujaenda kazini, na utuandikie hapa, kwa sababu kuna mwenzako mwenye jike anaisubiri.